Barua ya wazi kwa viongozi wa Mkoa wa Tabora: bei ya kumtibu ng'ombe ibandikwe ukutani

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, wakuu wa wilaya, wakurugenzi wa halmashauri, waheshimiwa madiwani, nanyi madaktari wa mifugo wa wilaya zote za mkoa wetu,

Kwa vyeo vyenu, shikamooni. Kwa umri wangu, wengi wenu marahaba kabla hamjaniamkia. Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni karani mstaafu wa reli. Nilikata tiketi dirishani kwa miaka 26, na kiinua mgongo kilipotoka nikafanya wanachofanya watu wa huku: nikaezeka nyumba bati, kisha nikanunua ng'ombe. Unyamwezini mzee asiye na hata ng'ombe mmoja husikilizwa kikaoni, lakini kwa adabu tu. Leo nina ng'ombe watatu, maksai wawili wa kuvuta plau na jike mmoja wa maziwa. Nina mbuzi 9. Kuku 14 ni wa mke wangu, na nikithubutu kuwahesabu kuwa wangu nitalala na njaa. Kata yangu sitaitaja. Nikiitaja, kesho kuna kijana ataitwa ofisini kujieleza kwa jambo ambalo si kosa lake, na kijana huyo naishi naye.

Hadi masika iliyopita ng'ombe walikuwa wanne. Wa nne alikuwa mtamba wa miaka miwili na ushee, mweusi mwenye baka jeupe kifuani. Mjukuu wangu alimwita Zawadi. Asubuhi moja mtoto alikuja jikoni akasema, "Babu, Zawadi hataki kutoka zizini." Nikaenda kumwona. Alikuwa amesimama peke yake pembeni, masikio yamelala, macho yanatoa machozi. Nilipompapasa mbele ya bega nikagusa tezi iliyovimba, kubwa kama yai la bata.

Nikampigia afisa mifugo wetu. Huwa anapokea simu, Mungu ambariki. Akasema, "Mzee, nakuja, ila pikipiki haina kitu. Nirushie kumi na mbili, na ya kutolea." Nikamrushia. Alifika saa tisa alasiri, vumbi hadi kwenye kope, maana alikuwa ametokea kijiji cha tatu. Akampima joto, kipimo kikasoma 41.3. Akafunua sikio la Zawadi akanionyesha kupe waliojipanga ndani kama punje za mtama kwenye suke. "Ndigana kali hii, mzee."

Hesabu aliitaja kwa mdomo. Mimi niliiandika nyuma ya kalenda ya ukutani, mazoea ya kazi, na ndiyo sababu ninayo mpaka leo. Usafiri 12,000. Huduma 15,000. Dawa ya ndigana, chupa ya mililita 20, shilingi 42,000. Oksi, yaani oksitetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria, 9,000. Siku ya tatu alirudi kumchoma mara ya pili, usafiri tena 12,000. Jumla shilingi 90,000, pasipo kipande cha karatasi. Dawa hiyo huchomwa mililita 1 kwa kila kilo 20 za mnyama, na Zawadi tulimkadiria kilo 200, kwa hiyo chupa ilitosha sindano mbili kamili. Kijana hakunipunja hata tone.

Siku ya sita Zawadi alitoa povu jeupe puani. Usiku akafa. Tulimzika mzima mzima, kwa sababu afisa alisema nyama yenye dawa mwilini haifai kuliwa, na kuna jirani anayesema mpaka leo kwamba karani amezika nyama.

Sasa naomba mnisikilize hapa, maana barua yenyewe inaanzia hapa. Siku mbili kabla ya asubuhi ile mjukuu alikuwa ameshaniambia kwamba Zawadi anabaki nyuma ya wenzake malishoni. Nilimsikia. Sikupiga simu. Nilikaa na ile 12,000 kichwani nikaipigia hesabu: pengine ni uchovu, pengine kesho atakuwa mzima, kwa nini niite pikipiki kwa ng'ombe aliyechoka tu? Na ndigana kali haimngoji mtu. Dawa yake inafanya kazi vizuri ikiwahi, na ikichelewa mapafu yanajaa maji huku wewe bado unahesabu noti. Mimi ndiye niliyechelewa. Ila nilichelewa kwa sababu ya bei, na bei yenyewe sikuwa naijua. Niliiogopa bila kuijua, kama mtu anayeogopa kwenda hospitali.

Mtasema huyu mzee analalamikia bei ya dawa. Dawa nayo imepanda, kweli, kila nikiingia duka la dawa za mifugo muuzaji anaanza kwa kupumua kwanza ndipo ataje bei. Lakini itazameni tena ile kalenda. Dawa ni 51,000. Nyingine 39,000 ni barabara na mkono wa mtu. Waziri hawezi kuamka kesho akashusha bei ya dawa inayotoka ng'ambo. Ila hii 39,000 iko mikononi mwenu ninyi mliopo hapa hapa mkoani.

Jirani yangu wa ng'ambo ya mbuga ana ng'ombe kama 200. Akiita afisa, analipa usafiri ule ule, 12,000. Gawanyeni kwa ng'ombe 200, ni shilingi 60 kwa kila kichwa. Mimi mwenye wanne ilikuwa 3,000 kwa kila kichwa. Hakuna aliyepanga kunionea, ila mimi nalipa mara 50 ya anacholipa tajiri, kwa pikipiki ile ile na mafuta yale yale. Ningekuwa bado dirishani ningewaambia hivi: treni haiwashwi kwa abiria mmoja. Ina siku yake na saa yake, abiria wanakusanyika, na kila mmoja analipa kiti chake. Sisi wafugaji wadogo kila tukiuguliwa na mifugo tunakodi treni nzima.

Na si usafiri peke yake. Hata chupa zimetengenezwa kwa ajili ya wenye mifugo mingi. Mke wangu ana kuku 14. Chupa ndogo kabisa ya chanjo ya kideri niliyoikuta dukani ilikuwa ya kuku 100. Chanjo hiyo ya matone, tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu au minne, ni kitu kizuri sana. Inatengenezwa na Wakala wetu wa Maabara ya Veterinari kule Kibaha, na inavumilia joto la kijijini kuliko chanjo nyingi. Lakini ukishaifungua huwezi kuirudisha kabatini ikangoja msimu ujao. Tunadondoshea kuku 14, na matone ya kuku 86 tunamwaga. Mara mbili tulimwaga. Mara ya tatu hatukununua. Kideri kikapita Agosti, na mke wangu akabaki na jogoo mmoja aliyekuwa analala juu ya mwembe. Hao 14 ni wapya.

Chanjo ya ndigana kali ndiyo ngumu zaidi. Ipo, na imekuwepo kwa miaka mingi. Ilibuniwa Muguga, Kenya, na sasa inatengenezwa Lilongwe, Malawi. Ng'ombe akichanjwa mara moja, pamoja na sindano ya oksi siku hiyo hiyo, anakuwa na kinga kwa maisha yake. Ndugu zetu wafugaji wa Kimasai kaskazini wameshaizoea. Ugumu wake ni kwamba hukaa ndani ya mtungi wa naitrojeni yenye baridi kali kuliko friji yoyote mnayoijua, na mrija mmoja ukishayeyushwa hutosha kwa kawaida ng'ombe kama 40, nao lazima wachanjwe ndani ya saa chache. Jirani yangu mwenye 200 anaweza kumwita mchanjaji hata kesho. Sisi wenye wanne wanne tungehitaji kaya kumi kukubaliana siku moja, zizi moja, pesa mkononi. Nani atatukusanya? Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini lazima awepo wa kusema chawa yuko wapi.

Kinachotokea daktari akiwa ghali nacho mkijue, tusifichane. Tunajitibia. Mimi mwenyewe nimemchoma mbuzi oksi ya asilimia 10 pale palipotakiwa ya asilimia 20, na nikamchoma nusu ili chupa ifike kwa wengine wawili. Wapo wanaopitisha sindano moja kwa mbuzi kumi bila kuichemsha. Kuhusu maziwa, chupa ya oksi imeandikwa siku za kungoja, na mwenye jike mmoja na watoto wa shule anasoma maandishi yale kwa jicho moja. Nitaishia hapo. Maziwa hayo mnayanywa ninyi pia mjini, kwenye chai. Na dawa ambazo vijidudu vya ng'ombe wetu vinazizoea hadi haviuawi nazo ni ndugu wa dawa mnazoandikiwa hospitalini. Mnyama akishaonekana hatapona, huchinjwa usiku, bila mkaguzi, na nyama inamalizika kabla ya jua. Siku huyo mnyama akiwa na kimeta, gharama yake haitakuwa 12,000 ya mafuta.

Sijasahau mema. Nimeishi muda wa kutosha kukumbuka josho la kijiji chetu likifanya kazi, tunapanga foleni na ng'ombe wa baba alfajiri, maji yanarukia hadi kifuani. Kisha zikaja zile zama za miaka ya themanini mwishoni na tisini, huduma za mifugo zikaanza kuachiwa soko huria, bwana mifugo akahamia halmashauri, na josho likabaki la popo. Mwaka 2018 serikali ilirudi na dawa ya kuogesha yenye ruzuku, ikatangazwa shilingi 50 kwa ng'ombe na 10 kwa mbuzi. Nilikipenda kitu kimoja kwenye tangazo lile kuliko hata ruzuku: bei ilitajwa hadharani. Mtoto aliijua, na asingeweza mtu kuja kuniambia 500. Juni 2025 Rais alizindua kampeni ya chanjo na utambuzi wa mifugo kule Bariadi, ng'ombe shilingi 500, serikali ikibeba nusu, kuku bure. Hapo pia bei ilijulikana kabla mtu hajafunga safari.

Kwa hiyo mnaweza. Sotoka ya ng'ombe, ile iliyofyeka mifugo ya mababu zetu miaka ya 1890, ilitangazwa kuwa imetokomezwa duniani mwaka 2011, na haikuondoka kwa kila mwenye ng'ombe wanne kukodi daktari wake. Chanjo ilimfuata mnyama bomani. Ila kampeni huja na kupita, nayo inakinga magonjwa yale iliyoyachagua. Siku ya Jumanne ng'ombe akikojoa damu, au akidhoofika kwa ndorobo wa misitu yetu ya miombo, kampeni haipo. Yupo kijana na pikipiki isiyo na kitu.

Huyo kijana ndiye niliyemficha jina. Ana mshahara, ndiyo, na wapo mtakaosema basi aje bure. Aje kwa nini, kwa mabawa? Pikipiki alipewa, na nilimpongeza siku ile alipokuja nayo ikiwa na nailoni kwenye kiti. Mafuta hakupewa. Ana vijiji kadhaa na mnyama haugui kwa ratiba. Akijaza tangi kwa mshahara wake, mkewe atauliza. Akiomba kwetu, anaonekana mla rushwa. Mmemweka mahali ambapo hata akiwa malaika ataonekana mwizi, kwa sababu hakuna anayejua bei halali ni ipi. Yeye mwenyewe hajui! Niliwahi kumuuliza ile "huduma" ya 15,000 imetoka wapi. Akacheka kidogo, akasema, "Mzee, ndivyo nilivyomkuta mwenzangu anachukua."

Pale stesheni jedwali la nauli lilikuwa limebandikwa karibu na dirisha langu. Tabora hadi Kigoma, Tabora hadi Mwanza, Tabora hadi Mpanda, daraja kwa daraja. Abiria alisoma kwanza ndipo atoe pesa. Lilinilinda mimi kuliko lilivyomlinda abiria, maana hakuna aliyeweza kusema karani kala. Nataka jedwali hilo kwenye ukuta wa ofisi ya kata, kwenye josho na kwenye mnada. Lisiandikwe "huduma" kwa jumla jumla. Liandikwe kuja ndani ya kijiji kiasi gani, kijiji jirani kiasi gani, kupima kiasi gani, kuchoma sindano kiasi gani kwa ng'ombe na kiasi gani kwa mbuzi, kumzalisha aliyekwama kiasi gani, na kipi ni bure kwa sababu mshahara umeshakilipia. Dawa ziachwe zifuate duka, tutazisoma wenyewe kwenye chupa. Na chini yake yaandikwe majina ya walioandikishwa na Baraza la Veterinari kutoa huduma kwenye kata hiyo, wa serikali na wa binafsi, kwa sababu siku hizi kila mwenye bomba la sindano na koti jeupe ni daktari.

Kisha mtupe siku. Kila kijiji siku moja ya wiki, saa mbili hadi saa sita, kwenye josho au chini ya mti unaojulikana. Mwenye mbuzi anayeharisha amlete. Mwenye ng'ombe asiyeweza kutembea aseme hapo, afisa amalizie nyumbani kwake akiwa tayari yuko kijijini. Usafiri wa siku hiyo ulipwe na halmashauri, na kila miezi mitatu siku moja iwe ya kuku, chupa moja ya matone kwa kaya saba badala ya kaya moja kumwaga. Ya ndigana iandikwe daftarini, majina yakifika ng'ombe 40 mrija uitwe. Hilo daftari hata mimi naweza kulishika. Sitaki posho.

Najua jibu linalokuja: hakuna fungu. Naomba mje mnadani. Kila kichwa kinachouzwa pale kinalipiwa ushuru, na yule binti wa ushuru anafika kabla ya wanunuzi. Mashine yake ya posi haikosi chaji wala karatasi, na sijawahi kusikia mtandao umemsumbua. Amefikaje? Kwa gari la halmashauri, lenye mafuta. Sijaomba mgawanye ushuru wote. Naomba lita za mafuta za pikipiki moja kwa kata moja, zitoke kwenye ng'ombe wale wale, ziandikwe kwenye bajeti kabla madiwani hawajaipitisha, na zisomwe kwenye mkutano wa kijiji kama mnavyosoma michango ya madarasa.

Kwa madaktari wa binafsi sina ugomvi. Wanaishi kwa kazi yao na wengine wamenisaidia usiku wa mvua. Wabaki na bei zao, nao wazibandike.

Nyumbani nilikuwa na mlango wa zamani wa mninga, uliotolewa nilipoezeka upya. Nimemwomba fundi aukate katikati, aupige randa na rangi nyeusi. Nusu moja imekuwa ubao wa upana wa hatua moja na kidogo. Upande wa kushoto nimeshaandika kwa chaki, kwa ule mwandiko wa dirishani: KUJA. KUPIMA. SINDANO, NG'OMBE. SINDANO, MBUZI NA KONDOO. KUZALISHA. Upande wa kulia niliouacha kwa ajili ya shilingi ni mweupe, yaani ni mweusi, hauna kitu. Mtendaji wa kata amekubali utundikwe barazani kwake, na misumari ninayo.

Wenu,
Karani mstaafu, mfugaji wa ng'ombe watatu,
Tabora